Tai Mvuvi Katika Kioo

Kuona ni kazi ya jicho, lakini kutazama ni kazi ya mtu mzima. Jicho huona hata lisipotaka. Mtu hatazami ila ametaka, na akitaka hulipa kwa wakati wake, kwa subira yake, na mara nyingine kwa utulivu wa moyo wake. Kwa sababu hiyo kila kitu kinachotualika tukitazame chastahili kupimwa. Twapima shairi, twapima hadithi, twapima mchezo wa kuigiza. Haifai basi kuacha kupima mchezo mpya ambao simu ya mkononi yaweza kuuingiza hata katika vyumba vya mabati vya Kibera na Kawangware. Mchezo wenyewe hauna mtungaji, hauna mwigizaji aliyejifunza maneno, wala hauna pazia. Ni kiota cha ndege juu ya mti, na kamera iliyofungwa kando yake, ikipeleka picha usiku na mchana kwa yeyote atakaye kutazama, popote alipo duniani.

Ndege tutakayemzungumza ni tai mvuvi. Msomaji asimchanganye na furukombe wetu wa Naivasha na Ziwa Viktoria, ambaye mlio wake husikika toka mbali. Tai mvuvi ni mwembamba zaidi, mgongo wake ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, tumbo lake ni jeupe, na mstari mweusi hupita machoni pake kama kitambaa cha mtu aliyejifunika uso. Chakula chake ni samaki, na karibu hana kingine. Maumbile yamempa vyombo vya uvuvi ambavyo mvuvi wa kibinadamu angevitamani: nyayo zenye miba midogo ya kuzuia utelezi, kidole cha nje kinachoweza kugeuzwa nyuma ili samaki ashikwe kwa kucha mbili mbele na mbili nyuma, na pua zinazozibwa anapojitosa majini. Mabawa yake yakitandazwa hufika kiasi cha mita moja na nusu, na uzito wake hauzidi sana kilo mbili.

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, kama Finland, Estonia, Scotland na Wales, ndege huyu hurudi kiotani mwezi wa Machi au Aprili. Jike hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne, na kuyaatamia kwa muda wa siku 37 hivi. Dume huvua na kuleta samaki. Makinda hukaa kiotani kwa siku 50 au zaidi kabla ya kuruka. Kwisha kwa kiangazi, kwanza jike, kisha watoto na dume, kila mmoja peke yake, hushika njia ya kusini. Hayo ndiyo yote yatokeayo katika mchezo huu. Mhakiki ajaye na mizani ya visa na mapigano ataona sahani yake ni nyepesi. Sisi na tutumie mizani nyingine.

Yafaa kwanza tujue macho haya yalianzaje. Mwanzoni mwa karne ya 20 tai mvuvi alikoma kuzaa katika Uingereza. Wawindaji walimpiga risasi, na wakusanyaji wa mayai waliiba hata yai la mwisho kwa ajili ya makabati yao, maana kadiri kitu kilivyokuwa adimu ndivyo walivyokitamani. Mwaka 1954 jozi moja ilionekana tena ikizaa kando ya ziwa Loch Garten, katika Scotland. Walinzi wakawekwa; hata hivyo mwaka 1958 mwizi alipanda mti usiku akaharibu kazi ya msimu mzima. Hapo wasimamizi walifanya jambo la hekima ambalo laonekana kama upuuzi: badala ya kuficha kiota, walikitangaza. Mwaka 1959 watu waliruhusiwa kuja kutazama kwa darubini kutoka kibandani, wakaja kwa maelfu. Siri moja ina mlinzi mmoja, na mlinzi mmoja husinzia. Jambo lijulikanalo na wengi lina walinzi wengi. Kamera ya leo ni mtoto wa kibanda kile. Asili yake ni ulinzi, na burudani ilifuata nyuma. Mwenye kuikosoa asisahau heshima hiyo ya asili.

Sifa yake ya kwanza ni subira. Katika Kibera na Kawangware, kama katika mitaa mingine mingi ya Nairobi, viko vibanda vya sinema ambamo watu huketi juu ya mabenchi na kutazama filamu za kigeni. Nyingi ya filamu hizo hupitia kwanza kwa wasimulizi wa kwetu, kama DJ Afro, ambao huzipa sauti mpya kwa Kiswahili na Sheng. Msimulizi humpa mwigizaji jina la mtaani, humfumbulia mtazamaji nia ya adui kabla adui hajainua mkono, hucheka mahali pa kulia na kukemea mahali pa kucheka. Ni sanaa yenye nguvu, na asiyeiona kuwa ni sanaa hajui mpaka kati ya filamu na ngano ni mwembamba kiasi gani. Lakini sanaa hiyo humzoeza mtazamaji kubebwa. Hapewi nafasi ya kukaa na jambo lisilo na maelezo.

Kamera ya kiotani haimbebi mtu. Yaweza kupita saa nzima na hakuna lililotokea ila jike kuinuka, kugeuza yai kwa mdomo, na kulala tena. Upepo huinua manyoya ya kisogo chake. Mvua ikinyesha hutandaza mabawa kama mwavuli juu ya makinda, naye hulowa peke yake. Hakuna anayekuambia kwamba huo ni upendo, wala hakuna anayekuambia kwamba ni silika tu. Mtazamaji huachwa atafute neno mwenyewe, na kila atafutaye neno kwa jambo aliloliona kwa macho yake ameanza kuwa mwandishi. Hii ni faida kubwa kwa mwanafunzi. Insha nyingi za shuleni ni dhaifu kwa sababu waandishi wake walikimbilia neno kabla ya kutazama kitu.

Sifa ya pili ni kwamba kamera hii haifichi mabaya. Mayai ya tai mvuvi hayaanguliwi siku moja. Kinda la kwanza huwa limekwisha kupata nguvu wakati la mwisho linapotoka yaini. Samaki wakiwa tele, wote hushiba na kukua. Samaki wakiadimika, mkubwa hula, wa kati hula, na mdogo husukumwa kando mpaka afe mbele ya mama yake. Mtunzi wa hadithi za watoto angalimwokoa yule mdogo katika ukurasa wa mwisho. Kamera haina ukurasa wa mwisho. Katika mitaa ambamo watoto wajua maana ya sufuria moja kwa watu saba, kweli hiyo haihitaji mfasiri. Hatusemi kwamba mtu ni ndege. Twasema kwamba kazi isiyodanganya juu ya njaa yastahili kusikilizwa na watu wasioweza kudanganywa juu yake.

Basi tumeisifu vya kutosha. Sasa tuangalie kasoro zake, nazo si ndogo.

Kasoro ya kwanza iko katika fremu. Kamera imekazwa mahali pamoja na kuona sehemu moja. Tendo kuu la tai mvuvi, lile lililompa umbo lake lote, ni uvuvi: kuelea juu ya maji, kulenga, kujitosa miguu mbele, kuzama, kuinuka na mzigo unaopigapiga mkia, na kumgeuza samaki kichwa kielekee mbele ili upepo usimzuie. Hayo yote hutendeka nje ya fremu. Sisi twaona samaki amefika tu, kama vile katika nyumba nyingi unga hufika jioni, na mtoto hajui baba au mama alisimama saa ngapi katika foleni ya vibarua. Mchezo unaoonyesha mlo na kuficha kazi waweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba mlo huja wenyewe. Hili si kosa la kamera, kwa maana haiwezi kuruka; lakini ni wajibu wa mtazamaji kukumbuka kila saa kwamba nusu ya tendo haimo machoni pake.

Kasoro ya pili ni ya watazamaji zaidi kuliko ya chombo. Mtu atazamaye kiota kwa miezi miwili huanza kukiona kuwa ni chake. Ndege hupewa majina, hupewa tabia, dume huitwa mvivu na jike huitwa mvumilivu. Na kinda likidhoofika watu hupiga kelele kwamba wasimamizi waingilie. Mwezi wa Juni 2012, katika kiota cha Dyfi huko Wales, dhoruba iliwaua makinda wawili. Wasimamizi walipanda hadi kiotani na kumlisha yule wa tatu aliyebaki, aliyeitwa Ceulan. Alipona, akakua, akaruka, akasafiri hadi Senegal. Na kabla ya mwaka kwisha habari zikarudi kwamba amekufa huko. Je, walikosea kumwokoa? Wako waonao kwamba kiumbe aliyetazamwa na maelfu hawezi kuachwa afe mbele yao kama kwamba hawana mikono. Wako waonao kwamba maumbile yana sheria zake, na huruma ichaguayo mwenye kamera na kumwacha asiye nayo si huruma kamili. Hukumu yangu ni kwamba tendo lenyewe lilikuwa jema, lakini lilifunua udhaifu wa mapenzi yetu: huamka picha inapowaka, na kulala picha inapozimwa. Ceulan alipokuwa katika fremu alikuwa mtoto wa dunia nzima. Alipotoka katika fremu na kuingia Afrika, hakuwa na jicho la kumtunza.

Hapo ndipo tufikapo kwenye kasoro ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote. Mwezi wa Septemba kiota huwa kitupu. Katika nchi za kaskazini watazamaji huagana, na kwao hadithi imekwisha mpaka masika. Lakini ndege hajaisha! Amekuja kwetu. Tai wavuvi wa Uingereza aghalabu huenda Afrika ya magharibi. Wa Finland na Estonia hutawanyika zaidi, na baadhi yao hushuka katika Afrika ya mashariki. Watoto wake wa mwaka wa kwanza hawarudi masika yafuatayo. Hukaa Afrika mwaka mzima na zaidi, wakijifunza maji yetu, samaki wetu na hatari zetu. Kwa hiyo maisha yanayoitwa maisha ya ndege wa Ulaya hupita kwa sehemu kubwa chini ya jua la Afrika. Mchezo unaonyesha sura moja ya kitabu na kuitangaza kuwa ni kitabu kizima.

Mwezi wa Januari 2024 kitabu hicho kilifunguka kidogo upande wetu. Katika kaunti ya Siaya, karibu na Ziwa Viktoria, alionekana tai mvuvi aliyechoka na kukonda, asiyeweza kuruka. Mguuni alikuwa na pete yenye jina la makumbusho ya Helsinki. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 7,000. Mikono ya wananchi ilimfikisha kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, akapelekwa kwa waganga wa ndege. Lakini njaa ilikuwa imemtangulia daktari, akafa. Pete ile ilisema alikotoka. Haikuweza kusema alipita wapi, alivua wapi akakosa, wala siku ngapi alisimama kando ya maji bila kitu. Sehemu hiyo ya hadithi ilikuwa yetu kuisimulia, na hapakuwa na jicho lililoifuatilia.

Mtu wa Nairobi asidhani kwamba jambo hili ni la Siaya peke yake. Kusini mwa Kibera kuna bwawa, Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwa maji ya mji. Zamani watu waliendesha juu yake mashua za matanga. Baadaye taka za vyoo na za mitaa zilishuka na mto Motoine, gugu maji likatanda, na uso wa maji ukapotea chini ya majani. Ndege alaye samaki tu hana haja ya hotuba ili aelewe maana ya hayo. Hutazama toka juu, haoni pa kujitosa, naye hupita. Hatumlaumu mkazi aliyekosa choo na bomba, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kudhurika. Twasema tu kwamba maji yanayomkataa ndege ni maji yaliyokwisha kumkataa mtu.

Na hapa Kibera ina neno la kusema katika uhakiki huu kuliko miji mingi, kwa sababu inajua kutazamwa. Jina lake latoka katika lugha ya Wanubi, kwa maana ya msitu, nao ndio askari na jamaa zao waliokaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Msitu ukawa mtaa, na mtaa ukawa picha. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotolewa mwaka 2005, ilipigwa kwa sehemu katika vichochoro vyake. Wageni wa kila namna wamekuja na kamera zao kwa saa moja au mbili, wakachukua mfereji, wakachukua mtoto acheka pekupeku, wakaenda zao. Linganisha macho hayo na macho ya kiotani. Tai mvuvi hupewa msimu mzima: hutazamwa akiwa na shibe na akiwa na njaa, akifanya jambo na asipofanya jambo. Mtaa wa watu hupewa nusu ya asubuhi. Ndege amepata haki ya kutazamwa kwa ukamilifu ambayo binadamu wengi hawajaipata.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule katika Kibera ili kupisha barabara, na maelfu ya watu walilala nje. Katika nchi zenye kamera tulizozitaja, kumsumbua tai mvuvi kiotani wakati wa kuzaa ni jambo ambalo watu wengi wangelipinga kwa sauti moja. Sisemi kwamba ndege apunguziwe ulinzi wake. Nasema kwamba aliyejifunza kuhuzunika kwa kijiti kilichoanguka kutoka katika kiota cha mbali, na asihuzunike kwa bati lililong'olewa kando ya njia yake, amejifunza nusu ya somo. Kamera ni mwalimu mwema tu ikiwa mwanafunzi huondoka kwake akiwa na macho mapana kuliko aliyokuja nayo.

Tena kuna gharama, na mhakiki wa haki hapiti gharama kimya. Saa moja ya picha za moja kwa moja yaweza kula mamia ya megabaiti za bando. Kwa mwanafunzi wa Kawangware, ambaye ng'ambo tu ya mtaa wake kuna majumba ya Lavington yenye intaneti isiyokatika, mchezo unaosemwa kuwa ni wa bure una kiingilio. Kwa bahati upo mwingine usio na kiingilio. Mwewe hujenga viota katika mikaratusi ya Nairobi, na hakuna mtoto sokoni asiyemjua mwizi huyo wa nyama. Korongo wakubwa wenye mfuko shingoni husimama juu ya migunga kando ya barabara kuu kama wazee wa baraza. Msitu wa barabara ya Ngong bado upo, karibu kabisa na Kibera. Hao wote watazamike kwa jicho lile lile, kwa daftari na penseli, siku baada ya siku.

Hukumu yetu basi ni hii. Kamera ya kiota cha tai mvuvi ni kazi njema, na ni kweli kuliko filamu nyingi zilizogharimu mamilioni. Yafundisha subira, yakataa uwongo, na ilizaliwa katika nia ya kulinda. Lakini ni kazi isiyokamilika, na wasiotoka nje ya fremu yake watakuwa na mapenzi yasiyokamilika. Kuikamilisha si kazi ya wenye kamera peke yao. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, walipoona mtaa wao ni doa tupu katika ramani, walishika vyombo vya kupimia wakachora njia, shule, zahanati na visima vyao, kwa sababu waliona hakuna mgeni atakayewajua kuliko wanavyojijua. Moyo huo ndio unaotakiwa hapa pia. Watu wa kaskazini wameandika habari za tai mvuvi toka Aprili hata Agosti, nao wameziandika vizuri. Miezi iliyobaki ni yetu, na ukurasa wake bado ni mweupe.